Duke Ellington alivyomlilia Billy Strayhorn kwa sahani nzima: maneno niliyosema Lubumbashi kabla ya kuisikiliza

Bazee, bamama, bayaya na bandugu wote mliofika, asanteni sana. Wengine mmetoka kazini moja kwa moja, wengine mmetoka kule Ruashi na Katuba na najua transpo ya mangaribi ni shida, kwa hiyo sitawachosha. Nitasema kiasi, alafu tutaweka sahani na tutaisikiliza yote, upande A na upande B, bila kuruka ata wimbo moja. Umeme ukikatika kuna batri ya gari hapa nyuma, tumejipanga.

Sahani yenyewe njo hii. Okestra ya Duke Ellington, mpiga piano na mtunzi wa jazz wa Marekani, kampani RCA Victor, jina lake "...And His Mother Called Him Bill", ilirekodiwa mwaka 1967 kati ya Agosti na Novemba. Ilikuwa kwenye maboksi ya mjomba wangu, marehemu, aliyefanya kazi ya shaba miaka mingi, enzi zile kampani ilikuwa njo baba njo mama, na kila mwisho wa mwezi kabla ya kufika nyumbani kwake Kamalondo alikuwa anapita kwanza kwa muuza sahani. Posheti, ile karatasi ya kufunika sahani, imelika pembeni na mchwa, mnaona, lakini sahani iko nzima. Niko nayo miaka mingi, ila mwaka huu nimeirudilia na nimeisikiliza vile sijawahi kuisikiliza, na nitawaambia ju ya nini.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu okestra yenyewe, ju vijana wengine hapa wanamjua Duke kwa jina tu. Mwaka 1967 hii haikuwa tena grupu ya vijana. Duke alizaliwa 1899, alianza na wenzake wa Washington wakahamia New York mwaka 1923, Desemba 1927 wakaingia Cotton Club, klabu ya muziki pale Harlem, na redio ikawapeleka Marekani nzima. Harry Carney, yule wa saksofoni kubwa ya baritoni, aliingia mwaka huo huo wa 1927 akiwa bado kijana kabisa na hakutoka tena, miaka makumi ine kiti ni kile kile, na kwenye safari njo yeye alikuwa anaendesha gari na Duke amekaa pembeni yake. Johnny Hodges wa saksofoni ya alto aliingia 1928, akatoka 1951 kujaribu grupu yake, akarudi 1955. Cootie Williams wa trompeti naye aliondoka miaka ya 40, akarudi 1962. Yani ni wazee wanaojuana mpaka namna ya kukohoa.

Na muelewe kuweka watu kumi na tano na zaidi kwenye okestra moja haikuwa kazi rahisi. Vita ilipoisha 1945, okestra kubwa za Marekani zilianguka moja kwa moja, pesa hakuna, watu walitaka grupu ndogo na waimbaji. Duke hakuvunja yake. Pesa zilizoingia kwa haki za nyimbo zake alikuwa anazirudisha kwa mishahara ya wanamuziki, mwaka mzima, konseri iko ao haiko. Watu walimuuliza kwa nini anajiumiza vile, na yeye jibu lake lilikuwa wazi, alitaka leo akiandika kitu kesho akisikie kikipigwa. Mimi naona hapo kuna akili kubwa sana, alafu sahani hii isingeweza kuwepo bila ule uamuzi.

Sasa Bill wa kwenye jina ni nani. Ni Billy Strayhorn, mtunzi aliyekuwa anaandika pamoja na Duke. Kwenye okestra walikuwa wanamwita kwa majina mengine ya kumpendeza, Strays, Swee' Pea, lakini mama yake alimwita Bill. Alizaliwa Dayton, Ohio, mwaka 1915, akakulia Pittsburgh, na Desemba 1938 okestra ya Duke ilipopita Pittsburgh kijana huyu wa miaka 23 alipelekwa nyuma ya jukwaa akakaa kwa piano, akapiga wimbo wa Duke vile vile Duke anaupiga, alafu akasema mimi ningeupiga hivi, akaupiga tena kwa namna yake. Fikiria moyo ule! Duke akamwambia aje New York na akampa maelezo ya njia ya kufika kwake Harlem, kwamba apande treni ya A, na kijana akageuza maelezo yale kuwa wimbo, "Take the 'A' Train".

Kuna kitu kilichosaidia wimbo ule ambacho watu hawakisemi sana. Mwanzoni mwa 1941 redio za Marekani zilikuwa kwenye ugomvi wa pesa na chama cha watunzi, ASCAP, ikafika nyimbo za watunzi wa chama kile hazipigwi tena kwa redio. Duke alikuwa memba, kwa hiyo nyimbo zake zote zikafungiwa mlango. Strayhorn hakuwa memba bado. Yeye na Mercer, mtoto wa Duke, wakaandika nyimbo mpya haraka haraka ili okestra iwe na cha kupiga hewani, na "Take the 'A' Train" ikawa njo wimbo wa kufungulia okestra mpaka mwisho wa maisha ya Duke. Wimbo ambao dunia nzima inafikiri ni wa Duke. Miaka karibu makumi tatu Strayhorn alikuwa nyuma, anaandika, anapanga sauti, mara moja moja anakaa kwa piano, na jina lililo juu kwenye posheti ni la mwenzake. Wataalamu mpaka leo wanachambua karatasi kujua ukurasa huu ni mkono wa nani.

Mwaka 1964 wakamkuta na kansere ya umio, ile njia ya chakula. Alipigana nayo, operasioni na operasioni, na kwenye kitanda cha hospitali pale New York aliendelea kuandika. Wimbo wake wa mwisho aliumaliza akiwa hospitali, akautuma kwa okestra ipige konseri ya Carnegie Hall, Machi 1967. Aliupa jina "Blood Count", hesabu ya damu, ile karatasi ya laboratuari dokta anakuja nayo asubuhi. Tarehe 31 Mei 1967 akafa. Alikuwa na miaka 51.

Duke alipomuaga alisema mwenzake aliishi na uhuru wa aina ine: uhuru wa kutomchukia mtu hata kidogo, uhuru wa kutojihurumia, uhuru wa kutoogopa kufanya jambo ambalo litamsaidia mwingine kuliko yeye mwenyewe, na uhuru wa kutokuwa na kiburi cha kujiona bora kuliko ndugu ao jirani yake. Maneno hayo Duke aliyachukua tena kwenye konseri yake takatifu ya pili, Januari 1968. Ni maneno mazuri, nayapenda. Lakini maneno njo sehemu ndogo ya kile alichokifanya.

Ju tangu Mei 31 mpaka mwisho wa Agosti, hesabuni wenyewe, hata miezi tatu haijaisha, okestra ilikuwa tayari ndani ya studio. Hawakungoja kumbukumbu ya mwaka, hawakuunda komite. Na hawakuandika nyimbo mpya za kumsifu Strayhorn, walichukua nyimbo za Strayhorn mwenyewe, za zamani na za juzi, zingine zilikuwa zimelala miaka, wakazipiga. Karibu kila noti inayosikika hapa imetoka kwa kichwa cha yule aliyekufa, na inapigwa na watu aliowaandikia akijua pumzi ya kila moja.

Chukua "Blood Count", wimbo wa tatu kwenye upande A. Naomba pale msiongee kabisa. Ni Johnny Hodges kwa alto. Kwa wale hawajamsikia, Hodges haendi kwa noti kwa kuirukia, anatoka chini anateleza mpaka anaifikia, na kwenye nyimbo nyingi za mapenzi ule utelezi ni asali. Hapa asali hakuna. Anaanza polepole, okestra iko chini yake inasogea nusu hatua nusu hatua, na sauti yake imenyooka, haitafuti kupendeza mtu. Alafu inafika katikati, trompeti na tromboni zinapanda, na huyu mzee, ambaye kwenye jukwaa uso wake ulikuwa haugeukaki ata watu wakipiga kelele namna gani, anasukuma mpaka juu kabisa na pale juu mimi nasikia hasira. Hasira ya kweli, ya mtu anayeuliza kwa nini huyu. Haikai muda mrefu. Anarudi chini, anapita tena kwenye melodi, na wimbo unaisha bila kukupa jibu. Dakika ine na kidogo tu. Nimesikiliza watu wengine wakubwa wakipiga wimbo huu miaka iliyofuata, wanapiga vizuri, lakini Hodges alikuwa anasoma karatasi iliyoandikwa na rafiki yake hospitalini, ni kitu kingine.

Sasa niseme ju ya nini nimeirudilia mwaka huu. Wengi hapa mnajua kwaya yetu ya parokia ilimpoteza mzee wetu, yule aliyekuwa anatungaka nyimbo. Sitataja jina lake, familia iko hapa na wamekaa vizuri, tuwaache. Kwenye kilio kwaya iliimba usiku mzima, mnakumbuka, chini ya ile bashi ya bluu, na hatukuimba nyimbo za vitabu, tuliimba zake, kuna mahali basoprano walishindwa kabisa kuendelea na batenori wakabeba peke yao mpaka wale wakarudia nguvu, na kati kati ya wimbo na wimbo watu walikuwa wanacheka wakikumbuka namna alivyokuwa anatugombeza ju ya kuchelewa repetisio. Niliporudi nyumbani kisha maziko nikatafuta sahani hii nikaiweka, na nikaona ni kitu kile kile. Duke alifanya kilio ndani ya studio, na kile kicheko cha kilio pia kimo ndani.

Ndiyo, kimo. Msifikiri ni sahani ya huzuni mwanzo mpaka mwisho. Weka "Rain Check" kwenye upande B, ni wimbo Strayhorn aliuandika akiwa kijana, okestra iliurekodi mara ya kwanza 1941, na hapa wazee wanaupiga wakiruka kabisa. "U.M.M.G." Strayhorn aliuita kwa herufi za kabine ya madokta wa New York ya rafiki yake na Duke, Dokta Arthur Logan, na kwa kuupiga wakamwita Clark Terry ambaye alikuwa ametoka kwenye okestra tangu 1959, akaja na flugelhorn yake, ndugu ya trompeti, ni kama yule ndugu anayefanya kazi mbali na anapanda basi ya usiku ili asikose maziko. Kuna pia "Day-Dream", Hodges tena, na hapa njo utaikuta ile asali niliyosema, wimbo wa zamani kutoka kwenye miaka ya kwanza ya Strayhorn na Duke. Ukisikia "Blood Count" upande mmoja na "Day-Dream" upande wa pili, umesikia urafiki wa hawa watu wawili, mtunzi na mpigaji, kuanzia ujana mpaka kitanda cha hospitali. Kuna wimbo moja mbili ambazo kwangu ni za kawaida, "Boo-Dah" kwa mfano ni safi lakini hainishiki, mtanipinga mkitaka.

Alafu mwisho wa upande B kuna "Lotus Blossom". Wanamuziki walikuwa wamemaliza kazi ya siku, wanafunga vyombo, wanaongea, na Duke akabaki kwa piano akaanza kupiga peke yake wimbo ambao Strayhorn alikuwa anapenda sana kusikia yeye anaupiga. Mikrofoni ilikuwa wazi. Mwanzoni mnasikia kabisa sauti za watu, vitu vinagongana, na yeye haachi. Kampani ingeweza kufuta na kumwambia arudie kwa utulivu, wakaiacha vile ilivyo, na walifanya vizuri sana. Anaurudia ule mzunguko wa moja mbili tatu, moja mbili tatu, na kila akirudi anaongeza nguvu kwa mkono wa kushoto. Kwenye toleo la CD lililotoka baadaye walitia na namna nyingine ya wimbo huu, Duke na Harry Carney na Aaron Bell wa bes, tatu tu. Ni nzuri sana pia, lakini mimi nabaki na ya piano peke yake. Sahani ilipata Grammy mwaka 1969, kama kuna mtu anapenda kuhesabu zawadi.

Kijana mmoja aliniuliza juzi, mzee, kwa nini unatuletea sahani ya uzeeni, si utuletee ya wakati Duke alikuwa moto, miaka ya 40? Swali zuri na nililiheshimu. Lakini angalia kwetu. OK Jazz, grupu ya Franco, ilianza Kinshasa 1956, na "Mario" ya Franco na Madilu System ilitoka 1985, karibu miaka makumi tatu baadaye, nani hapa atasema grupu ilikuwa imechoka? Ata hapa Katanga, Mwenda Jean Bosco, watu wanamjua kwa "Masanga" tu, ile mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi mwaka 1952 Jadotville, yani Likasi, lakini alipiga gitare mpaka alipokufa kwa aksida ya barabara mwaka 1990. Miaka yote ile katikati nani anaisikiliza? Tuko na tabia ya kumpenda mtu kwa wimbo wake wa kwanza na kumuacha pale pale. Na hawa wa jazz hawako watu wa mbali sana na sisi kama tunavyofikiri. Mji huu, ukiitwa bado Elisabethville, ulimpokea Louis Armstrong Novemba 1960, Katanga ikiwa imejitenga, kuna bazee bado wanaokumbuka. Na Duke mwenyewe na okestra yake walifika Zambia Novemba 1973, Lusaka hapa, ukivuka mpaka wa Kasumbalesa ni barabara moja tu. Alikuwa anaumwa tayari. Mei 1974 akafa, na Harry Carney akamfuata Oktoba mwaka ule ule.

Na hapa njo nataka mnisikie vizuri. Johnny Hodges alikufa tarehe 11 Mei 1970. Kama Duke angesema tungoje kidogo, tutafute pesa, tufanye kitu kikubwa kisha miaka mitano ao kumi, "Blood Count" hii tusingekuwa nayo. Karatasi ingekuwepo, mpigaji hakuna. Walibaki na chini ya miaka mitatu na hawakujua. Kuna watu wanaosema kufanya sahani haraka vile ni biashara juu ya maiti. Mimi sikubali, na ninaomba anayesema vile asikilize wimbo wa tatu alafu aniambie biashara iko wapi.

Daftari za mzee wetu wa kwaya ziko tatu, mjane wake amezihifadhi vizuri na ametukubalia. Nyimbo nyingi zimeandikwa maneno tu na solfa ya soprano, zile sauti zingine ziko kwa vichwa vya watu, basi zile bes alizokuwa anafundisha kwa mdomo ziko kwa bapapa wawili ambao wote wamepita miaka sabini, na moja wao ameniambia mwenyewe kifua kinamsumbua. Alto ya ule wimbo wa Pasaka anaikumbuka mama moja tu ambaye amehamia Kipushi. Hatuna studio. Tuko na telefone nzuri mbili, mikrofoni moja ya kuazima, na kanisa ambalo Jumamosi mchana haliko na kelele. Inatosha. Tutaanza Jumamosi hii saa nane, tunarekodi wimbo kwa wimbo, kwanza kila sauti peke yake alafu wote pamoja, na anayekumbuka sehemu hata kama ni mistari miwili aje, hata kama aliacha kwaya zamani, hata kama aliachana na sisi vibaya. Mwenye kasete ya misa za zamani ailete vile ilivyo, asijaribu kuisafisha nyumbani. Nauli ya mama wa Kipushi nimeshaitoa, lakini tunatafuta mtu mwenye gari wa kuwachukua wale bapapa wawili na kuwarudisha, ju kupanda taksi-bisi kwao ni mateso. Anayeweza aniandikie jina wakati wa kugeuza sahani.

Haya, zimeni telefone. Upande A.